Metali zisizoandikwa kwenye fomu: uchafuzi katika lishe ya mshipa ya watoto

Fomu ya kuagiza lishe ya mshipa ya mtoto (chakula cha majimaji kinachoingizwa kwenye damu kwa dripu kutoka kwenye mfuko) ina nafasi ya glukosi, asidi amino, mafuta, sodiamu, potasiamu, kalsiamu, fosfeti, magnesiamu, vitamini na zinki. Nafasi ya alumini haipo. Ya kromiamu haipo, na ya manganizi mara nyingi imefichwa ndani ya mstari mmoja wa "mchanganyiko wa madini". Lakini mfuko ukifika kitandani, zote tatu zimo, na kwa mtoto njiti wa kilo 1 kiasi chake kinaweza kuwa mara kadhaa ya kile kinachovumilika. Si kwamba kuna aliyekosea kupima. Zimeingia zikiwa zimepanda mgongoni mwa vitu tulivyoviweka kwa makusudi.

Naandika haya kwa wafamasia wanaochanganya mifuko hiyo, madaktari na wauguzi wanaoitundika, na wazazi ambao watoto wao wanaishi kwa lishe hii miezi au miaka. Hoja yangu ni moja: metali hizi hazionekani, hazinusiki, na hazizuiwi na kichujio, kwa hiyo njia pekee ya kuzidhibiti ni kuzihesabu kabla ya kuchanganya. Na hesabu hiyo, ukiifanya mara moja tu kwa umakini, karibu kila mara hukupeleka kwenye kichupa kilekile kimoja.

Kwa nini mshipa ni tofauti na mdomo

Utumbo una ukuta, na ukuta ule unachagua. Alumini tunayoila kila siku kwenye chakula na maji haipiti hata asilimia 1. Manganizi inayopita haifiki asilimia 5. Inayobaki hutoka na choo. Ukimlisha mtoto kwa mshipa umeuruka ukuta wote huo: kilichomo kwenye mfuko kinaingia kwenye damu chote.

Kinachobaki ni njia za kutokea. Alumini na kromiamu hutoka kwa figo. Manganizi na shaba hutoka kwa nyongo. Ndiyo maana kila mtoto aliye kwenye lishe ya mshipa anastahili maswali mawili tangu siku ya kwanza: figo zake zinafanya kazi kiasi gani, na nyongo yake inapita? Njiti ana figo ambazo bado hazijakomaa, na akikaa wiki kadhaa kwenye lishe ya mshipa bila kula kwa mdomo, nyongo nayo huanza kukwama. Yaani mtoto yuleyule anayehitaji lishe hii kuliko wote ndiye mwenye milango miwili iliyofungwa nusu. Ongeza hapo kwamba kwa kila kilo ya mwili anahitaji kalsiamu na fosfeti nyingi kuliko mtu mzima, na utaona kwa nini mzigo wa metali humwelemea yeye kwanza.

Kichupa cha kalsiamu

Chukua kichupa cha kioo cha kalsiamu glukoneti asilimia 10, kile cha mililita 10. Kishike kwenye mwanga: maji meupe safi, hakuna punje, hakuna rangi. Sasa fikiria kilivyotengenezwa. Kioo cha vichupa vya dawa kina oksidi ya alumini ndani yake, kwa sababu huifanya kuta kuwa imara. Kichupa kikishajazwa na kufungwa huchemshwa kwa mvuke wa nyuzi 121 ili kuua vijidudu. Glukoneti ni molekuli yenye tabia ya kukamata alumini na kutoiachia. Kwenye joto lile huinyofoa kutoka ukutani, na kichupa kikishapoa na kuwekwa rafuni kazi hiyo huendelea polepole, mwezi baada ya mwezi. Kichupa kinachokaribia tarehe ya mwisho kina alumini zaidi ya kile cha bechi hiyohiyo kilichotoka kiwandani juzi.

Maji matupu ndani ya kioo hichohicho yangenyofoa kidogo sana. Kwa hiyo kioo peke yake hakitoshi kuleta tatizo, na kalsiamu peke yake haitoshi. Tatizo ni kukutana kwa kioo, joto na kitu chenye kukamata alumini. Fosfeti ina tabia hiyo. Sitreti inayo. Sisteini inayo. Weka kalsiamu glukoneti ileile kwenye kichupa cha plastiki, na alumini hushuka kwa kiwango kikubwa sana.

Habari hii si ngeni. Mwaka 1985 Sedman na wenzake walionyesha katika New England Journal of Medicine kwamba njiti waliokuwa kwenye tiba ya mshipa walikuwa wakilimbikiza alumini, hata kwenye mifupa. Zamani chanzo kikubwa kilikuwa protini iliyomeng'enywa kutoka kwenye kaseini ya maziwa. Ilipobadilishwa na asidi amino za fuwele mzigo ulipungua sana, na watu wengi wakadhani jambo limekwisha. Halikwisha, kwa kuwa chumvi zilibaki kwenye vioo.

Mwaka 1997 Bishop na wenzake wakatoa, katika jarida hilohilo, jaribio ambalo kila anayechanganya mifuko ya watoto anapaswa kulijua. Njiti 227 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipata mchanganyiko wa kawaida, ulioleta takriban mikrogramu 45 za alumini kwa kilo kwa siku, na wengine mchanganyiko uliopunguzwa hadi mikrogramu 4 hadi 5. Walipopimwa akili wakiwa na miezi 18, kwa watoto ambao hawakuwa na ulemavu wa neva na misuli, kila siku moja ya mchanganyiko wa kawaida ilikwenda na upungufu wa takriban pointi 1 kwenye kipimo cha Bayley. Mtoto aliyekaa wiki 3 kwenye dripu, hesabu mwenyewe. Watoto wa kundi hilo walipofuatiliwa hadi umri wa miaka 13 hadi 15, katika taarifa iliyotoka mwaka 2009, waliopata mchanganyiko wa kawaida walikuwa na madini machache zaidi kwenye mifupa ya uti wa mgongo sehemu ya kiuno.

Marekani ilitangaza kanuni mwaka 2000, ikaanza kutumika mwaka 2004. Kanuni hiyo inataka miyeyusho ya ujazo mkubwa, yaani glukosi, asidi amino, mafuta na maji ya sindano, isizidi mikrogramu 25 za alumini kwa lita. Vichupa vidogo havikuwekewa kikomo. Vilitakiwa tu kuandika kwenye lebo kiwango cha juu kabisa cha alumini ambacho kitakuwamo siku ya tarehe ya mwisho. Na kwenye karatasi ya maelezo kuwe na onyo kwamba wagonjwa wenye figo dhaifu, wakiwemo njiti, wakipata zaidi ya mikrogramu 4 hadi 5 kwa kilo kwa siku hulimbikiza alumini kwa viwango vinavyohusishwa na madhara ya ubongo na mifupa. Miongozo ya Ulaya ya lishe ya mshipa kwa watoto ya mwaka 2018 nayo inashika kikomo cha mikrogramu 5. Uingereza ilikwenda mbele zaidi: mwaka 2010 mamlaka yake ya dawa ilikataza kalsiamu glukoneti ya vichupa vidogo vya kioo kwa matibabu ya kurudiarudia au ya muda mrefu kwa walio chini ya miaka 18 na kwa wenye figo dhaifu. Kwa maoni yangu hilo ndilo agizo lenye maana kuliko yote, maana linataja kitu ambacho mtu anaweza kukiondoa kwenye rafu.

Hesabu yenyewe

Kanuni ni rahisi: mililita unazotumia, mara mikrogramu kwa lita zilizoandikwa kwenye lebo, gawanya kwa 1,000. Fanya hivyo kwa kila kiungo, jumlisha, gawanya kwa uzito wa mtoto.

Tuchukue njiti wa kilo 1. Anapata asidi amino gramu 3.5, kutoka kwenye mmumunyo wa asilimia 10: mililita 35. Glukosi gramu 12 kutoka kwenye asilimia 50: mililita 24. Maji ya sindano mililita 54. Mafuta gramu 3 kutoka kwenye asilimia 20: mililita 15. Jumla ya miyeyusho mikubwa ni mililita 128. Ikiwa yote iko kwenye kikomo cha 25, hiyo ni mikrogramu 3.2. Hapo bado hujaweka chumvi hata moja, na tayari umetumia zaidi ya nusu ya nafasi yako. Kwa kawaida miyeyusho hii huwa chini ya kikomo, lakini kama mtengenezaji hasemi zaidi ya "isiyozidi 25", hesabu 25.

Sasa kalsiamu. Tunataka milimoli 1.6. Kalsiamu glukoneti asilimia 10 ina takriban milimoli 0.23 kwa mililita, kwa hiyo ni mililita 7. Tuseme lebo ya kichupa cha kioo inasema 5,000. Mililita 7 mara 5,000, gawanya kwa 1,000: mikrogramu 35. Kichupa cha plastiki chenye lebo ya 200 kingeleta 1.4.

Fosfeti tunataka milimoli 1.6 pia. Ukitumia potasiamu fosfeti yenye milimoli 3 kwa mililita unahitaji nusu mililita na kidogo, 0.53. Tuseme lebo inasema 15,000, basi umeongeza mikrogramu 8. Ukitumia sodiamu gliserofosfeti ya milimoli 1 kwa mililita unahitaji mililita 1.6, na lebo ikiwa 100 hujafikisha hata mikrogramu 0.2.

Jumla ya njia ya kwanza: 46. Ya pili: 4.8. Ni mtoto yuleyule, na kiasi cha kalsiamu na fosfeti ni kilekile. Lebo nilizotumia ni za mfano tu, na zako zitakuwa tofauti, lakini umbo la hesabu hubaki hivyo: kalsiamu ya kioo peke yake hubeba sehemu kubwa ya mzigo wote, na fosfeti inafuata.

Makosa ninayoyaona kwenye hesabu hizi ni machache na yanajirudia. La kwanza ni kusahau kwamba lebo inasema kwa lita huku unapima kwa mililita. La pili ni kuchanganya milimoli (kipimo cha idadi ya chembe) na miliikwivalenti (kipimo cha chaji zake): kwa kalsiamu, milimoli 1 ni miliikwivalenti 2, na vichupa vya nchi mbalimbali havitumii kipimo kimoja. La tatu ni kuhesabu mfuko peke yake. Mtoto aliyepewa kalsiamu glukoneti ya kioo kwa bomba la sindano, kwa sababu potasiamu ilipanda au wakati wa kubadilishwa damu, amepata alumini ambayo haimo kwenye hesabu ya mfuko. Albumini nayo inabeba alumini. Famakopia ya Ulaya, yaani kitabu cha viwango vya dawa, inaitaka albumini inayokusudiwa kwa njiti na wagonjwa wa kusafishwa damu isizidi mikrogramu 200 kwa lita, na kikomo hicho hakihusu kila albumini iliyopo stoo.

Jambo moja la kutuliza moyo: lebo inataja kiwango cha juu cha siku ya mwisho, na mfuko ukipimwa kwa mashine kwa kawaida hukutwa na alumini pungufu ya ile ya hesabu. Usilitumie jambo hilo kama kisingizio cha kutohesabu. Litumie unapolinganisha bidhaa, kwa kujua kwamba namba yako ni dari.

Ukitaka kupunguza, anza hapa

Badilisha kalsiamu kwanza: glukoneti ya plastiki badala ya kioo. Hakuna hatua nyingine inayoikaribia hii kwa faida.

Ikiwa plastiki haipatikani, kalsiamu kloridi ina alumini kidogo kuliko glukoneti ya kioo. Lakini hapa pana mitego miwili. Kloridi huachia kalsiamu yake kwa urahisi, hivyo hushikana na fosfeti isiyo ya kaboni na kutengeneza chembe za kalsiamu fosfeti. Chembe hizo huziba mishipa midogo ya mapafu, na mwaka 1994 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya vifo kutokana nazo. Kwa hiyo kloridi inakwenda na fosfeti ya kaboni, yaani gliserofosfeti, si na potasiamu fosfeti ya kawaida. Mtego wa pili ni nguvu yake: kalsiamu kloridi asilimia 10 ina takriban milimoli 0.68 kwa mililita, mara tatu ya glukoneti. Anayebadilisha mililita kwa mililita amempa mtoto kalsiamu mara tatu. Badilisha kwenye programu ya kuchanganyia, badilisha kwenye lebo ya rafu, na vichupa vya aina hizi mbili visikae karibu.

Fosfeti: gliserofosfeti ikiwepo ndiyo nzuri zaidi. Ikikosekana, sodiamu fosfeti kwa kawaida ina alumini ndogo kuliko potasiamu fosfeti. Kumbuka tu kuhesabu sodiamu inayokuja nayo. Kila milimoli 1 ya fosfeti kutoka kwenye sodiamu gliserofosfeti huleta milimoli 2 za sodiamu, na njiti hana nafasi ya ziada ya kuipokea.

Sisteini inahitaji uamuzi wa kufikiri. Inashusha pH ya mfuko, yaani inaufanya uwe na asidi zaidi, na kuifanya kalsiamu na fosfeti zikae pamoja bila kuganda, jambo jema sana. Lakini bidhaa za zamani za sisteini zilikuwa na alumini nyingi. Siku hizi zipo zenye alumini ndogo. Soma lebo ya ile uliyo nayo na uiweke kwenye hesabu, usiiache nje kwa mazoea.

Kisha mambo ya stoo. Agiza ukitazama namba ya alumini kama unavyotazama bei. Vichupa vyenye tarehe ya mbali vitengewe wadogo zaidi na wanaokaa muda mrefu, vile vinavyokaribia mwisho viende kwa watu wazima wenye figo nzima. Vya plastiki vikiwa vichache, visigawanywe sawa kwa sawa kwa wodi zote.

Ambacho hakisaidii: kuhamisha kalsiamu kutoka kwenye kioo kwenda kwenye bomba la plastiki, kwa kuwa alumini imeshayeyuka na inahama nayo. Kichujio cha mikroni 0.2 cha mmumunyo wa maji au 1.2 cha mafuta hakisaidii pia, kwani huzuia vijidudu, chembe na hewa, na ayoni ya metali iliyoyeyuka hupita kama maji. Sindano ya kuchuja vipande vya kioo ni lazima ukivunja ampuli, lakini kazi yake ni nyingine.

Na hili nalisema kwa msisitizo: usipunguze kalsiamu ya mtoto ili kupunguza alumini. Mifupa ya njiti inaharibika kwa kukosa madini upesi kuliko inavyoharibika kwa alumini. Kama kioo ndicho pekee ulicho nacho, mpe kalsiamu anayoihitaji, punguza alumini kwingine kote, na harakisha maziwa ya mama. Kila mililita ya maziwa inayoongezwa ni mililita ya dripu inayopungua. Njia hiyo haihitaji ruhusa ya mtengenezaji yeyote.

Manganizi ni kisa kingine

Alumini haina kazi yoyote mwilini. Manganizi inayo, na hapo ndipo utata ulipo, kwa sababu tunaiongeza kwa mkono huku nyingine ikiingia yenyewe kwenye potasiamu fosfeti, magnesiamu salfeti, kalsiamu glukoneti na asidi amino. Kwa watoto wengi ile inayoingia kama uchafu inakaribia kutosha mahitaji yote. Miongozo ya Ulaya ya 2018 inasema anayelishwa kwa mshipa muda mrefu asizidi mikrogramu 1 kwa kilo kwa siku.

Linganisha na vichupa. Mchanganyiko wa zamani wa madini wa watoto uliotumika Marekani ulikuwa na mikrogramu 25 za manganizi kwa mililita. Kwa dozi ya mililita 0.2 kwa kilo hiyo ni mikrogramu 5, mara tano ya kikomo, kabla ya uchafu. Ule ulioidhinishwa huko mwaka 2021 kwa watoto wadogo una mikrogramu 3 kwa mililita na hauna kromiamu kabisa. Peditrace, mchanganyiko wa madini wa watoto unaotumika Ulaya, ina mikrogramu 1 kwa mililita, dozi mililita 1 kwa kilo. Hata hiyo inafika kikomo kamili yenyewe, na uchafu unakuja juu yake.

Nyongo ikikwama, manganizi haina pa kutokea. Hujikusanya kwenye ubongo, hasa kwenye globasi palidasi (sehemu ya ndani ya ubongo inayosaidia kuongoza mijongeo), na kwenye picha ya MRI ya T1 sehemu hiyo hung'aa nyeupe pande zote mbili. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha taarifa ya watoto wa namna hii: lishe ya mshipa ya muda mrefu, manganizi ya juu kwenye damu, ini lililokwama nyongo, na baadhi yao wakawa na matatizo ya kutembea na kujongea. Manganizi ikisimamishwa, weupe ule hufifia ndani ya miezi, na ndiyo sababu ya kuigundua mapema.

Hatua ya kawaida mtoto akipata manjano ya nyongo kukwama ni kufuta mstari mzima wa mchanganyiko wa madini. Hapa naomba sana pasikosewe. Ukiufuta umeondoa manganizi, vema, lakini umeondoa pia zinki, seleniamu na shaba. Mtoto aliyekatwa utumbo na anayepoteza majimaji kwa kuharisha au kupitia stoma (tundu la utumbo lililofunguliwa tumboni) anapoteza zinki kila siku. Kwenye uhaba wa zinki ya sindano uliotokea Marekani mwaka 2012 na 2013, watoto wachanga waliolishwa kwa mshipa walitokewa na vidonda vya ngozi kuzunguka mdomo na sehemu ya nepi. Shaba ikikosekana huja upungufu wa damu, seli nyeupe hushuka na mifupa huwa dhaifu. Njia sahihi ni kuagiza kila madini peke yake: zinki kama zinki (mikrogramu 400 hadi 500 kwa kilo kwa njiti, 250 kwa aliyetimiza miezi hadi miezi 3, 100 kutoka hapo hadi mwaka), seleniamu peke yake (mikrogramu 7 kwa njiti, 2 hadi 3 kwa wengine), shaba kwa kupima na kurekebisha, na manganizi sifuri. Kosa linalofanana na hilo kwa upande wa pili ni kupandisha dozi ya mchanganyiko ili mtoto apate zinki zaidi. Zinki inapanda, na manganizi inapanda nayo, kwa kuwa kichupa hakijui ulitaka kipi.

Kromiamu naipitia haraka. Huingia zaidi kwenye asidi amino na fosfeti. Tangu mwaka 1992, Moukarzel na wenzake walipoeleza watoto waliokuwa na kromiamu nyingi kwenye damu pamoja na uchujaji wa figo ulioshuka, hakujawa na sababu nzuri ya kuongeza zaidi. Miongozo ya Ulaya inasema uchafu uliomo unatosha. Nakubaliana nayo.

Risasi, aseniki, kadimiamu na zebaki zinasimamiwa na mwongozo wa kimataifa wa uchafu wa elementi kwenye dawa, ICH Q3D. Ni mwongozo mzuri, lakini soma mipaka yake kwa macho ya mtoto. Vikomo vyake vimekokotolewa kwa mtu wa kilo 50: risasi mikrogramu 5 kwa siku, aseniki 15, zebaki 3 kwa njia ya sindano. Kromiamu kwa njia hiyo inaruhusiwa mikrogramu 1,100 kwa siku, wakati dozi ya zamani ya mtoto ilikuwa mikrogramu 0.2 kwa kilo. Alumini na manganizi hazikuwekewa kikomo humo kabisa. Na mfuko wa mtoto una bidhaa kumi au zaidi, ambapo kila moja imefaulu kivyake. Bidhaa kufaulu na mfuko kuwa salama ni mambo mawili.

Kupima damu bila kuichafua

Vipimo hivi huharibika mkononi kabla ya kufika maabara. Sindano ya chuma cha pua huachia kromiamu, manganizi na nikeli kidogo. Kizibo cha mpira huachia zinki na alumini. Basi tumia mirija maalumu ya kupimia madini, na damu ya kwanza iliyopita kwenye sindano ijaze mirija ya vipimo vingine, kisha ndiyo ujaze ya madini. Usivute kwenye mrija unaopitisha lishe, hata ukiusafisha, maana tone moja lililobaki la mmumunyo linatosha kukudanganya.

Manganizi ipimwe kwenye damu nzima. Sehemu kubwa iko ndani ya seli nyekundu, kwa hiyo seramu huonyesha kidogo, na seramu yenye seli zilizopasuka huonyesha nyingi kwa uongo. Zinki nayo hupanda seli zikipasuka. Pima CRP (protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na maambukizi) siku hiyohiyo: mtoto mwenye maambukizi zinki na seleniamu yake hushuka na shaba hupanda bila lishe kuwa na kosa lolote. Ukirekebisha dozi kwa majibu ya siku ya homa utakuwa unafukuza kivuli. Subiri CRP ishuke, kisha rudia.

Alumini ya damu sishauri ipimwe kwa kila mtoto. Ipime kwa anayeishi kwa lishe hii miezi mingi, mwenye figo dhaifu, au ambaye mifupa yake inapukutika bila maelezo. Kwa wengine wote, namba yenye msaada ni ile ya hesabu, na mahali pake ni kwenye lebo ya mfuko chini ya osmolariti (kipimo cha ukolezi wa mmumunyo): jumla ya alumini, mikrogramu kwa kilo kwa siku. Programu nyingi za kuchanganyia zinaweza kuikokotoa zikishalishwa namba za lebo. Zilishe upya kila mtengenezaji anapobadilika, kwa sababu kichupa cha jina lilelile na nguvu ileile kutoka kiwanda kingine kinaweza kuja na alumini mara kumi ya kile ulichokuwa nacho wiki iliyopita.